Kushusha, kuacha au kuhamisha: mchoro wako ukiwashiwa moto mtandaoni

Usiku ule simu ilitetemeka juu ya meza ya kuchorea mpaka ikasogea yenyewe na kutumbukia kwenye ndoo ya karatasi mbovu. Ilikuwa Juni, na wanaoijua Mbeya ya Juni wanajua kwamba saa nne usiku mtu haachi blanketi bila sababu. Mimi niliacha. Komenti zilikuwa zimepita mia mbili, magrupu matatu ya WhatsApp yalikuwa yanarushiana jalada la kitabu changu cha katuni, na mtu nisiyemjua alikuwa ameniandikia kwamba anakuja Mwanjelwa kunitafuta, na mkono wangu wa kulia nisiutegemee sana.

Jalada hilo lilikuwa na nini nitasema baadaye. Tangu siku ile wachoraji wenzangu hunipigia yakiwafika ya namna hiyo. Mmoja yuko Uyole, mwingine Makambako, na kuna binti wa Kihesa, Iringa, anayechora vizuri kuliko sisi wote. Swali lao huwa moja: nishushe au niache? Huwa nawaambia njia ni tatu, maana hiyo ya tatu watu huisahau. Nimeziweka hapa zote ubavu kwa ubavu, kwa mifano ya wakubwa wa Marekani na Ulaya na kwa makovu yangu mwenyewe, ili uzisome leo ukiwa umetulia. Siku ya moto huwezi kusoma chochote.

KUSHUSHA

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Machi 2015. Kampuni ya DC ya Marekani iliandaa majalada maalumu ya kuadhimisha miaka 75 ya Joker, adui mkubwa wa Batman, na Mbrazili Rafael Albuquerque akapewa jalada la Batgirl toleo la 41. Alimchora Joker akiwa amemwekea Batgirl mkono begani, bastola ikining'inia, huku kwa mkono wa pili akimpaka binti tabasamu jekundu mashavuni. Binti machozi yanamtoka. Mchoro ule ulikuwa unarejea The Killing Joke, hadithi ya 1988 iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland, ambamo Joker anampiga risasi Barbara Gordon, yaani Batgirl mwenyewe, na kumwacha amepooza miguu.

Mtandao ukagawanyika siku hiyohiyo. Kundi moja likataka jalada libadilishwe, jingine likasema sanaa inanyongwa. Albuquerque akaiomba DC iliondoe, akieleza kwamba hakukusudia kumuumiza mtu yeyote kwa kazi yake, na DC ikaliondoa. Katikati ya vurugu kulikuwa na vitisho, na wengi mpaka leo wanadhani aliyetishiwa ni mchoraji. Sivyo. Waliotishiwa ni wale waliolilalamikia jalada. Nalitaja hili kwa sababu tukisikia "watu wa mtandao wamechachamaa" huwa tunawaza upande mmoja tu wa uwanja.

Ninachokipenda katika kesi ile ni kwamba kifutio kilikuwa mkononi mwa mchoraji. Iweke pembeni ya kesi ya Oktoba 2016. J. Scott Campbell alichora jalada la duka moja la New York likimwonyesha Riri Williams, shujaa mpya wa Invincible Iron Man, kitabu cha kampuni ya Marvel ya Marekani. Riri ana miaka 15 kwenye hadithi, na watu walisema Campbell kamchora kama mwanamke wa kalenda ya gereji. Campbell aliutetea mchoro wake, Marvel wakauondoa. Mwaka uliofuata Howard Chaykin alichora, kwa ajili ya toleo la nne la The Divided States of Hysteria, maiti ya mtu mwenye asili ya Pakistani aliyeuawa na genge, imening'inizwa. Image, waliokuwa wachapishaji, wakaliondoa jalada na kuomba radhi. Mara zote tatu picha iliondolewa. Lakini Albuquerque alitoka akiwa bado ni mchoraji aliyeamua, na hao wawili walitoka wakiwa wameamuliwa. Tofauti hiyo msomaji haioni, ila wewe utaishi nayo kila ukishika kalamu.

Kuna na kesi ya Ardian Syaf wa Indonesia, ambayo watu huichanganya na hizi. Aprili 2017, ndani ya X-Men Gold toleo la kwanza, alipenyeza namba za kurejea aya ya Kurani na maandamano ya kisiasa ya Jakarta ya tarehe 2 Desemba 2016. Mwandishi na wahariri hawakujua. Marvel ilivunja mkataba wake. Hapo siwezi kupiga kelele za uhuru wa sanaa. Ukipewa kuta za nyumba ya mwenzako uzipake rangi, ukaandika ujumbe wako wa siri nyuma ya kabati, mwenye nyumba akiuona atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mimi nimewahi kushusha mara moja bila kujadiliana na mtu. Kila Mtanzania anaujua utani wa Wahehe na kamba, kwamba Mhehe akiudhiwa hukimbilia kujinyonga. Mimi ni Mnyakyusa, mke wangu Mhehe. Shemeji zangu hunitania kwa majivuno ya Kinyakyusa, kwamba hata ndizi za Tukuyu tunazisalimia kwa vyeo, nami huwatania kwa kamba. Tukikaa Iringa kwenye kilabu cha ulanzi, dumu likiwa katikati yetu, hakuna anayeumia. Basi nikachora kibonzo cha picha nne juu ya utani huo, nikakirusha Facebook asubuhi, nikaenda zangu kununua wino. Kabla ya saa sita mwanamke mmoja alikuwa ameandika mstari mmoja usio na tusi ndani yake: wiki mbili zilizopita alikuwa amemzika kaka yake.

Nilifuta kabla sijamaliza kuusoma mara ya pili. Nikamwandikia pole. Hakujibu, na hakuwa na deni la kunijibu.

Nimeufikiria sana mstari ule. Utani wetu una uzio: nani kwa nani, wapi, lini. Watani wengi nchi hii ni wajukuu wa watu waliochinjana vitani, na ndiyo maana mtani anaruhusiwa kuzuia jeneza msibani mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini kila mtu pale anajua kwamba huyo ni mtani. Facebook haimjui mtani ni nani. Inachukua neno la kilabuni na kulibeba mpaka kwenye matanga ya mtu ambaye hakuwahi kukaa na wewe. Kibonzo kile hakikuwa kazi kubwa ya sanaa niliyolazimika kuipigania. Kilikuwa mzaha uliopotea njia, na kukishusha hakukuninyima kitu.

Ila usijidanganye kwamba ukishusha kitu kimekufa. Lile jalada la Batgirl halikutoka na toleo lake, na ukilitafuta sasa hivi utalipata kabla bando halijakata. Kibonzo changu nacho niliwahi kuletewa kwenye simu na mtu aliyetaka kunichekesha, akiwa hajui kwamba ni changu. Kushusha kunasema umeacha kusimama nyuma ya picha hiyo. Zaidi ya hapo hakufanyi kitu, na anayekuahidi kwamba ukifuta kelele zitakwisha hajawahi kufuta.

KUACHA

Wapo wanaodhani ghadhabu za hadhara juu ya katuni zimeletwa na intaneti. Mwaka 1954 hakukuwa na intaneti. Daktari Fredric Wertham alitoa kitabu, Seduction of the Innocent, kinachodai kwamba vitabu vya katuni vinawaharibu watoto, Baraza la Seneti la Marekani likaitisha vikao, na wachapishaji kwa woga wakajiundia kanuni na mhuri wao. Kitabu kisicho na mhuri wauzaji wengi hawakukigusa. Marvel ilikuja kuachana na mhuri ule 2001, DC mwaka 2011.

Kwa toleo la mwanzoni mwa 1956 kampuni ya EC ilitaka kurudia hadithi yake ya 1953 iitwayo Judgment Day. Mwanaanga anafika kwenye sayari ya maroboti, anakuta ya rangi ya chungwa yanayabagua ya rangi ya buluu, anaondoka akiyaambia kwamba hayajafikia kiwango cha kujiunga na dunia nyingine. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, na tunaona kwamba ni mtu mweusi, jasho likimeremeta usoni. Jaji Charles Murphy, mkuu wa kanuni ile, akataka mwanaanga asiwe mweusi. William Gaines, mwenye EC, na mhariri wake Al Feldstein wakakataa kata kata. Hadithi ikatoka kama ilivyochorwa, katika Incredible Science Fiction toleo la 33. Likawa toleo la mwisho la vitabu vya katuni vya EC. Gaines akabaki na jarida lake la Mad.

Hapo ndipo kuacha kuna maana. Kilicholalamikiwa ndicho kilichokuwa kiini cha hadithi. Mbadilishe yule mwanaanga rangi, na kurasa zote saba zinageuka maroboti yanayogombana bila sababu. Basi jiulize juu ya mchoro wako: nikitoa hiki wanachokilalamikia, hadithi inabaki imesimama? Kama inasimama, labda kilikuwa pambo. Kama inaanguka, wanakuomba uue hadithi, na ni heri wakuambie hivyo waziwazi.

Sasa mlinganishe Gaines na Milo Manara. Agosti 2014 Marvel ilionyesha jalada la ziada la Spider-Woman toleo la kwanza, kazi ya Manara wa Italia. Shujaa anatambaa juu ya paa, makalio juu, vazi limemganda kama amepakwa rangi mwilini. Kelele zikawa kubwa, kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa katika kundi la vitabu ambavyo Marvel ilitaka viwavute wasomaji wa kike. Mhariri mkuu, Axel Alonso, aliomba radhi kwa ujumbe uliojichanganya, ila jalada liliachwa na likauzwa Novemba. Manara amechora hadithi za mahaba kwa miongo mingi, na hakumficha mtu. Kwa hiyo lawama zangu hazimwendei yeye. Waliompigia simu walijua wanampigia nani, na walijua kitabu wanamuuzia nani. Kuliacha jalada lile hakukuokoa hadithi yoyote, kwani ndani ya kitabu hakuna kitu kilicholitegemea. Kuacha kwa namna hiyo mimi nakuona ni ukaidi wa biashara tu. Ukaidi si dhambi, lakini usiupe jina la uhuru.

Mimi niliacha mara moja. Nilichora hadithi ya kurasa kumi na mbili ya mchungaji wa kubuni anayeuza maji ya chupa, kila chupa na ugonjwa wake. (Mbeya ina makanisa mengi kuliko vituo vya daladala. Natania, lakini si sana.) Walalamikaji walikuwa wa aina mbili. Kuna waumini wa kawaida walioniuliza kwa upole kama ninamdhihaki Mungu; hao niliwajibu mmoja mmoja, na wengine tulielewana. Kisha akaja bwana mmoja mwenye sauti kubwa na wafuasi wengi, akidai kwamba nimemchora yeye, niufute mchoro na niombe radhi hadharani. Sikuwa namjua wala sijawahi kuingia kanisani kwake. Nikamuuliza amejiona ukurasa wa ngapi. Akasema wa tisa. Wa tisa ni ule wa kuhesabu hela usiku.

Sikufuta. Kikundi kimoja kilichokuwa kimeniagiza kalenda 300 kikaghairi, na mwezi ule nilipaka rangi vibao vya saluni mpaka kodi ikatimia. Hiyo ndiyo bei ya kuacha, na anayekushauri "usikubali kuyumbishwa" muulize kama atachangia kodi. Hata hivyo nikipimishwa mizani tena, nitaacha tena. Yule bwana alikuwa na kipaza sauti, jukwaa na mtaji. Maskini anayenunua maji hakuwa na kitu zaidi ya kurasa zangu kumi na mbili.

KUHAMISHA

Sasa lile jalada la Juni.

Nilikuwa nimechora hadithi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kila mtoto wa Nyanda za Juu Kusini anaijua kwa juu juu: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipoliangamiza jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ngome ya Kalenga kuanguka Oktoba 1894, miaka ya kuwindwa porini, na tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe hai. Wajerumani wakakata kichwa cha maiti. Fuvu likatajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na likarudi Juni 1954 mikononi mwa Gavana Twining. Liko Makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo, na ukienda utaliona.

Kwenye jalada nilichora tukio la Mlambalasi. Askari wa Kijerumani amekinyanyua kichwa kwa nywele, damu inadondokea buti lake, nyuma anga jekundu. Niliona ni mchoro bora niliowahi kuchora, na bado naona hivyo. Nakala 200 zilikuwa zimeshachapwa Dar es Salaam, zimekuja na basi la usiku. Nikarusha picha ya jalada mtandaoni ili watu waagize.

Moto ule ulikuwa na kuni za kila aina. Wapo walionitukana kwa kabila langu. Wapo waliosema natafuta kiki. Wapo waliokuwa hawajui Mkwawa ni nani na walinitukana kwa bidii zaidi. Watu wa pwani wana desturi ya kusuta: msengenyaji anafuatwa, anaulizwa mbele ya mashahidi, akishasutwa kila mtu anarudi kwake kupika. Kuna mwanzo na kuna mwisho. Mtandao unasuta bila kuuliza, na haurudi nyumbani. Nilikuwa nimeshaandika jibu refu la kusimamia sanaa yangu, limejaa alama za mshangao, nashukuru sikulirusha.

Asubuhi ikapigwa simu kutoka namba ngeni. "Kamwene." Nikaitikia, nikaongeza shikamoo kwa sababu sauti ilikuwa ya mzee. Alikuwa ameipata namba yangu nyuma ya kitabu. Mjukuu wake alinunua nakala moja kati ya zile za mwanzo. Mzee alikuwa wa kwanza kati ya watu wote wale aliyekuwa amekisoma. Dakika ishirini nzima alizungumzia ngao: nimezichora kama za Wazulu, na bunduki ya ukurasa wa sita nimemshikisha mtu mkono wa kushoto. Nikawa naandika anayoyasema. Ndipo akafika kwenye jalada.

"Mwanangu, mgeni akija kwako anaingilia wapi?"

"Sebuleni, mzee."

"Na maiti ya baba yako ukiwa nayo ndani, unailaza sebuleni?"

Nikasema hapana, chumba cha ndani.

"Basi. Hiyo picha si ya uongo. Ipeleke chumba cha ndani." Akarudi kwenye ngao.

Nilikaa na simu mkononi nikiwaza Batgirl. Kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limenikwepa siku zote nilipoisoma kesi ile. The Killing Joke ilikuwa imeuzwa tangu 1988, picha zake ni kali kuliko jalada la Albuquerque, na waliolalamika 2015 hawakuwa wanaomba iondolewe madukani. Ugomvi ulikuwa wa mahali. Tangu toleo la 35, Oktoba 2014, Batgirl ilikuwa mikononi mwa kina Cameron Stewart, Brenden Fletcher na Babs Tarr, imegeuzwa kitabu cha uchangamfu, na wasichana wadogo walikuwa wanakinunua. Ukurasa wa ndani unafunguliwa na mtu aliyeamua kufungua. Jalada linamkuta mtu amesimama dukani kutafuta sabuni. Na mtandaoni ndiyo kabisa: kila mchoro ni jalada, hata ule wa ukurasa wa arobaini, kwa sababu mtu akiupiga skrinishoti unamfikia mwenzake umeng'olewa kurasa zote za mbele zilizomwandaa.

Kwa hiyo nikahamisha. Kichwa cha Mkwawa kikaenda ukurasa wa 14, ukurasa mzima, bila kupunguzwa tone la damu, baada ya kurasa tatu za kimya za mtu peke yake porini na njaa yake. Kwenye jalada nikachora mgongo wa Mkwawa, amekaa juu ya jiwe la Gangilonga, anatazama nchi. Wanaokinunua wameniambia kwamba ukurasa wa 14 unawakata pumzi. Kama ungebaki kwenye jalada, wangekuwa wameshauzoea kabla ya kufungua. Hapo nikiri jambo ambalo wapiganiaji wa uhuru wa sanaa, nikiwemo mimi, hatupendi kukiri: yule mzee alikuwa mhariri bora kuliko mimi.

Kuhamisha kuna historia ndefu, na si yote safi. Hergé wa Ubelgiji alichora safari ya Tintin nchini Kongo kuanzia 1930. Alipoitoa upya kwa rangi mwaka 1946, alilifuta somo ambamo Tintin anawafundisha watoto wa Kikongo kuhusu nchi yao Ubelgiji, akaweka hesabu ya kujumlisha. Baadaye, mwaka 1975, wachapishaji wa Skandinavia waliomba picha ya kifaru anayelipuliwa kwa baruti ibadilishwe, naye akabadilisha. Wakongo wenyewe, midomo na macho waliyochorewa, wakabaki vilevile. Kifaru alipata haki yake kabla yao. Mwaka 2007 duka moja kubwa la vitabu Uingereza lilikihamishia kitabu hicho kwenye rafu za watu wazima, na mwaka huohuo Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, akafungua kesi kutaka kizuiwe. Februari 2012 mahakama ya Brussels ilimkatalia. Kitabu kinaendelea kuuzwa, na mimi ninacho: nimekiweka karibu na meza ili nikumbuke jinsi mchoraji hodari anavyoweza kuwa kipofu kwa mtu aliye mbele yake.

Yaani kuhamisha kunaweza kuwa ujanja wa kukwepa. Mkono unagusa kila kitu isipokuwa kile kinachouma.

UKIZIWEKA PAMOJA

Kwa pesa, mtandaoni zote tatu ni bure, lakini kitabu kikishachapwa hesabu inabadilika. Kushusha kungenigharimu nakala zote 200. Kuhamisha kulinigharimu shilingi 180,000 za majalada mapya na siku mbili za kubandua pini na kubana upya na mke wangu, ambaye hakuacha kunikumbusha kwamba babu aliyechorwa ni wake. Kuacha kulikuwa bure siku hiyo. Deni lingekuja taratibu, kama la kalenda.

Kwa sheria, mimi si wakili, lakini soma kabla hujajifanya shujaa. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina vifungu vya taarifa za uongo, matusi ya kibaguzi na uonevu wa mtandaoni, na vinaweza kumgusa anayekutishia mkono kama vinavyoweza kukugusa wewe. Vile vitisho usivifute. Vihifadhi na tarehe zake. Na mchapishaji akitaka kukata mchoro wako bila kukuuliza, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakutambua kama mtunzi mwenye haki ya kupinga kazi yako kuharibiwa, ndiyo maana binti wa Kihesa nimemwambia mkataba wake useme wazi nani ana neno la mwisho juu ya jalada. Tuliokulia kwenye jarida la katuni la Sani, tukicheka na Pimbi, Ndumilakuwili na Lodilofa, hatukujua kama kulikuwa na mikataba. Malalamiko yenyewe yalikuja kwa barua, na mpaka barua ifike, aliyekasirika alikuwa ameshanunua toleo lingine.

Lakini pesa na sheria si pa kuanzia. Mimi huanza kwa kumtafuta, katikati ya komenti mia mbili, mtu mmoja aliyesoma au aliyeumizwa kweli. Huwa yupo, na mara nyingi hana tusi. Yule mwanamke wa matanga alitosha kunifanya nishushe. Yule mzee wa ngao alitosha kunifanya nihamishe. Kwenye kesi ya mchungaji nilimtafuta siku tatu nisimpate. Wale waumini wapole walikuwa na swali, si jeraha, na aliyebaki ni mwenye kipaza sauti tu, nikaacha. Idadi ya wanaopiga kelele sijawahi kuitumia kuamua, kwa kuwa waliotaka mwanaanga wa EC abadilishwe rangi wangeweza kuwa taifa zima.

Na usijibu usiku. Huku kwetu baridi inasaidia: zima simu, jifunike.

Binti wa Kihesa alinipigia tena juzi. Amechora bibi harusi wa Kihehe anayevua shela ukurasa wa mwisho na kutoka nje peke yake, na shangazi zake wamemwandama kwenye grupu la familia. Nikamuuliza kama akiitoa picha hiyo hadithi inasimama. Akanyamaza kidogo, akasema inaanguka. Nikamuuliza shangazi wamesoma kurasa za mbele? Hawajasoma, amewatumia ya mwisho tu. Anazipiga picha zote sasa, moja moja, awatumie kwa mpangilio.

Yale majalada ya kwanza bado yako chini ya meza yangu. Wiki iliyopita alikuja mwanafunzi wa chuo, akayaona, akaniambia kwamba atalipa mara mbili apate "lile lililokatazwa". Nikamwambia halikukatazwa, liko ukurasa wa 14. Akafungua kitabu kutokea nyuma. Nikamchukulia, nikamrudisha ukurasa wa kwanza.